Nyali, Mombasa: Historia ya Kitongoji cha Pwani na Maana ya Idadi ya Wakazi Wake

Utangulizi

Jina Nyali hutumiwa leo kwa maana mbili ambazo hazilingani. Katika mazungumzo ya kila siku ya Mombasa, na hasa katika biashara ya nyumba na viwanja, Nyali ni kitongoji cha wenye uwezo: barabara zenye vivuli vya miti, nyumba zilizojitenga ndani ya kuta, hoteli na fuo, vyote vikiwa upande wa bara, kaskazini mwa kisiwa. Katika utawala, Nyali ni eneobunge na kaunti ndogo yenye wadi tano, nazo ni Frere Town, Ziwa la Ng'ombe, Mkomani, Kongowea na Kadzandani. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 216,577 katika Nyali hii ya pili. Ni rahisi sana takwimu hiyo kunukuliwa kana kwamba ni idadi ya wakazi wa Nyali ya kwanza.

Makala haya yanaeleza jinsi maana hizo mbili zilivyozuka na kwa nini zinapaswa kutenganishwa. Hoja inayoongoza maelezo ni kwamba historia ya Nyali inayoanzia kwenye daraja la mwaka 1931 na shamba la mkonge ni historia ya ardhi yenye hati, wala si historia ya watu. Wengi wa wale ambao sensa huwahesabu wako Nyali kwa sababu ya matukio mengine kabisa: vijiji vya Waswahili vya upande wa Kisauni, makazi ya watumwa walioachiwa huru, na utaratibu wa kumiliki nyumba pasipo kumiliki ardhi. Anayetaka kuelewa idadi ya watu hana budi kuanza huko.

Suala hili lina uzito kwa watafiti wa Kiswahili pia, si kwa wanahistoria na wanademografia peke yao. Pendekezo la utafiti wa isimujamii linaloteua Nyali kuwa kiwakilishi cha tabaka la juu, na Kisauni kuwa kiwakilishi cha tabaka la chini, huwa limekwisha kukosea kabla ya hojaji ya kwanza kujazwa. Ziwa la Ng'ombe na Maweni, ambayo ni makazi yenye msongamano mkubwa na nyumba duni, yamo ndani ya Nyali.

Upande wa Kisauni kabla ya hati

Kabla ya karne ya 20, sehemu yote ya bara iliyo kaskazini mwa kisiwa ilijulikana zaidi kwa jina la Kisauni. Ilikuwa nchi ya mashamba na vijiji. Wenyeji wa kisiwani, wa Thenashara Taifa, yaani yale makundi tisa na yale matatu yaliyounda jumuiya ya Waswahili wa Mvita, walivuka kwa mashua kwenda kulima na kurudi mjini, na baadhi yao walihamia huko moja kwa moja. Nyuma ya ukanda huo waliishi Wamijikenda, ambao mahusiano yao na mji yalijengwa juu ya biashara, ulinzi na ndoa. Justin Willis, katika kitabu chake cha mwaka 1993 kuhusu Mombasa, Waswahili na kufanyika kwa Wamijikenda, ameonyesha kwamba mpaka kati ya makundi haya haukuwa ukuta. Mtu aliweza kuingia mjini akiwa mgeni, akapata mwenyeji wa kumlea, na baada ya muda akawa mtu wa mji. Jambo hili ni muhimu kwa mada yetu, kwa kuwa makabila yanavyoorodheshwa katika sensa za baadaye hudhaniwa kuwa ya kale na yasiyobadilika.

Jina Kongowea lenyewe ni ushahidi wa ukongwe. Katika masimulizi ya asili ya Mombasa, Mwana Mkisi anatajwa kuwa mtawala wa Kongowea kabla ya enzi ya Shehe Mvita, na katika ushairi jina hilo limesimama mahali pa Mombasa yenyewe. Leo watu wengi hulijua kwa sababu ya soko la jumla la matunda na mboga. Ni kinaya kwamba moja ya majina ya kale kabisa ya mji limo leo ndani ya kaunti ndogo inayobeba jina la shamba la mkonge.

Tukio mojawapo la mapema la Kizungu katika ardhi hii lilikuwa mazishi. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mnamo Julai mwaka huo mkewe, Rosine, alifariki pamoja na mtoto wao mchanga. Alizikwa upande wa bara, mkabala na kisiwa, na kaburi hilo limehifadhiwa hadi leo. Waandishi wengi wa habari za Nyali hupenda kuanzia hapo. Lakini kaburi halikuleta makazi. Makazi yaliletwa na mkataba.

Frere Town

Mnamo Juni 1873, kufuatia ujumbe wa Sir Bartle Frere, Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa ya baharini na kufunga masoko yake. Manowari za Uingereza ziliendelea kukamata majahazi, na hapo likazuka swali la kivitendo: watu wanaotolewa ndani ya majahazi hayo wapelekwe wapi? Wengi wao walikuwa Wayao, Wamakua na watu wa upande wa Ziwa Nyasa, ambao makwao kulikuwa mbali na njia ya kurudi ilipita mikononi mwa wale wale waliowauza. Chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, CMS, kilimtuma Kasisi William Salter Price, ambaye hapo awali alikuwa amesimamia makazi ya Waafrika waliokombolewa karibu na Nasik nchini India. Ardhi ilinunuliwa upande wa Kisauni, na mwaka 1875 makazi yakaanza, yakapewa jina la Frere.

Walioendesha shughuli za kila siku hapo mwanzoni hawakuwa Wazungu pekee. Price alitegemea sana wale walioitwa Waafrika wa Bombay, yaani watu waliokombolewa wakiwa wadogo, wakasomeshwa India na kurejeshwa Afrika Mashariki wakiwa walimu, mafundi na makatekista. Hivyo jamii ya Frere Town ilikuwa na matabaka tangu siku ya kwanza: waliokwisha kusoma, waliotoka majahazini, na baada ya muda watoro, yaani watumwa waliokimbia mashamba ya pwani na kuomba hifadhi.

Watoro ndio waliohatarisha makazi. Kwa wamiliki wa watumwa wa Mombasa, misheni ilikuwa inapokea mali iliyoibwa, na mwaka 1880 walitishia kuyashambulia makazi kwa silaha. Kengele iliyotundikwa Frere Town ili kuwaonya wakazi dhidi ya uvamizi ndiyo iliyoliachia eneo jina la Kengeleni, jina ambalo kila utingo wa matatu ya Kisauni hulitamka mara kadhaa kwa siku. Ndani ya makazi nako hakukuwa shwari. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 habari za viboko na vifungo vilivyotolewa na msimamizi wa kilei wa misheni zilimfikia konseli wa Uingereza, zikachunguzwa. Suala la watoro lilipatiwa suluhu ya fedha: mwishoni mwa 1888 kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imekabidhiwa utawala wa pwani, IBEAC, ilipanga kuwalipa wamiliki fidia kwa ajili ya watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa katika vituo vya misheni, hasa Rabai, na mwanzoni mwa 1889 hati za uhuru zikatolewa. Fred Morton, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu watumwa huru na watoro wa pwani ya Kenya, anasisitiza kwamba uhuru huo ulitafutwa na watoro wenyewe kwa miguu yao kabla ya kuandikwa kwenye karatasi. Tafsiri hiyo inaelekea kuwa sahihi zaidi kuliko ile inayowaona kuwa wapokeaji wa hisani.

Kwa wasomaji wa fasihi ya Kiswahili, Frere Town si jina geni. Ni hapo alikokulia James Juma Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichochapishwa mwaka 1934 na ambacho wahakiki wengi wamekisoma kuwa utetezi wa ukoloni kwa jinsi kinavyomsawiri Mwingereza kuwa mkombozi. Uhakiki huo una msingi, ila mara nyingi haukitazami kitabu kama maandishi ya mtu wa mahali fulani. Mbotela aliandika habari za jamii isiyokuwa na ukoo wa kuelezea haki yake ya kuwapo pwani. Waswahili walikuwa na miji yao, Wamijikenda walikuwa na kaya zao, na Wamisheni, kama walivyoitwa, walikuwa na simulizi moja tu ya kuhalalisha kukaa kwao Kisauni, nayo ni ile ya jahazi, manowari na kengele. Ukikisoma kitabu kwa namna hii, sifa kwa Mwingereza ni pia dai la ardhi.

Lugha ya jamii hiyo ilikuwa Kiswahili kwa lazima, kwa kuwa hapakuwa na lugha nyingine iliyoweza kuwaunganisha Myao, Mmakua na mwalimu aliyelelewa India. Wamisionari wa CMS wa Mombasa, akiwamo William Ernest Taylor aliyekusanya methali na tungo za Muyaka bin Haji, walifanya kazi katika Kimvita, na Biblia nzima katika lahaja hiyo ilichapishwa mwaka 1914. Chuo cha kuwaandaa makasisi kilichokuwa Frere Town kilihamishiwa Limuru mwaka 1930. Kwa wakati huo umuhimu wa Frere Town kwa kanisa ulikuwa umepungua, kwani reli ilikuwa imeivuta misheni kuelekea bara. Watu hawakuhama na chuo. Walibaki, wakizungukwa na ardhi ambayo sasa ilikuwa ikipewa hati.

Hati, mkonge na daraja

Utumwa ulipoteza uhalali wake kisheria katika himaya ya Uingereza ya pwani mwaka 1907. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya hati za ardhi ya 1908, ambayo ilimtaka kila mwenye kudai ardhi katika ukanda wa pwani alete dai lake na uthibitisho. Ardhi ambayo haikudaiwa, au ambayo dai lake lilikataliwa, ikawa mali ya Serikali ya Uingereza. Miaka hiyo miwili ikitazamwa pamoja, maana yake ni nzito: mtumwa alipata nafsi yake mwaka 1907, na mwaka 1908 akawa mtu asiye na ardhi. Frederick Cooper ameueleza mchakato huu kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1980 kuhusu safari ya kutoka utumwani hadi kuwa skwota. Waliofanikiwa kuthibitisha madai walikuwa hasa Waarabu na Waswahili wenye mashamba, na mara hati ilipopatikana iliweza kuuzwa kwa Wahindi na Wazungu. Waliokuwa wakilima kwa idhini ya mwenyeji, kwa urithi wa upande wa mama, au kwa desturi ya Kimijikenda, walibaki juu ya ardhi ya mtu mwingine.

Hivyo ndivyo ilivyowezekana sehemu kubwa ya ncha ya Nyali kuwa shamba moja la mkonge. Kilimo hicho kilihitaji vibarua, nao walihitaji mahali pa kulala, na ingawa mkonge ulitoweka baadaye, baadhi ya makazi yao hayakutoweka nao.

Daraja la kuelea la Nyali lilikamilika mwaka 1931. Lilikuwa la watu binafsi, na aliyelivuka alilipa ada. Kabla yake kivuko kilikuwa cha mashua, na kwa hiyo nyumba ya upande wa bara isingeweza kuwa makazi ya mtu mwenye ofisi Kilindini. Wazungu wa Mombasa walikaa kisiwani, hasa Kizingo na kando ya bahari ya upande huo. Daraja liliwapa uwezo wa kulala mbali na mji na kufika kazini asubuhi kwa gari. Ada nayo ilichuja. Kwa mwenye gari ilikuwa gharama ndogo, ila kwa mchukuzi wa bandarini ilikuwa sababu tosha ya kutafuta chumba Majengo, huko huko kisiwani. Kwa maoni yetu, daraja lenyewe lilisaidia kuigawa Nyali kwa mapato kwa kadiri ile ile ambayo masharti ya viwanja yalifanya.

Katika miaka ya 1940 shamba lilianza kukatwa viwanja vya makazi, na hoteli ya kwanza ya ufukweni ikajengwa. Viwanja vilikuwa vikubwa, na nyumba zilikuwa za ghorofa moja zenye bustani na vyumba vya watumishi nyuma. Kuhusu miongo ya baadaye maelezo mafupi yatatosha, kwa kuwa yanafanana na ya vitongoji vingine vingi vya aina hii. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 nyumba za Wazungu waliokuwa wakiondoka zilinunuliwa au kupangwa na wafanyabiashara wenye asili ya Asia, wakuu wa mashirika na maafisa wa serikali. Utalii wa ndege za kukodi kutoka Ulaya ukaongeza hoteli kuelekea Bamburi na Shanzu. Mwaka 1980 daraja la zege lenye njia sita, lililogharimiwa kwa sehemu na mkopo wa Japani, lilichukua nafasi ya lile la kuelea. Kuanzia hapo, kilichokuwa kikizuia watu wa kisiwani kuhamia upande huo kiliondoka. Linganisha na Likoni upande wa kusini, ambako hadi leo watu na magari huvuka kwa feri.

Nyumba bila ardhi

Daraja jipya liliwakuta watu wengi tayari wapo. Ili kueleza walivyokaa ni lazima kueleza utaratibu ambao Mombasa huuita nyumba bila ardhi.

Katika desturi ya pwani, iliyoungwa mkono na fikihi ya Kiislamu, ardhi na kilicho juu yake vinaweza kuwa na wenyewe tofauti. Mtu anaweza kumiliki minazi katika shamba la mwenziwe, akairithisha, akaiuza au akaiweka rehani. Nyumba ilichukuliwa vivyo hivyo. Mwenye ardhi aliigawa kwa vipande, na kila aliyekubaliwa alijenga nyumba yake na kulipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Nyumba ilikuwa yake yeye, ardhi ilikuwa ya mwingine. Utaratibu huu ulienea Majengo, kisha ukavuka kwenda Kongowea na sehemu nyingine za Kisauni. Richard Stren, katika utafiti wake wa mwaka 1978 kuhusu sera ya makazi Mombasa, aliona kwamba ni utaratibu huu uliowapatia wafanyakazi wa mji makazi kwa wingi kuliko miradi ya manispaa.

Aliyejenga kwa kawaida alijenga nyumba ya Kiswahili: vyumba sita au zaidi vinavyotazamana kwenye ukumbi mmoja, ua nyuma, na paa la makuti au mabati. Alikaa katika chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Kwa hiyo nyumba moja iliweza kuwa na kaya tano au sita, na mwenye nyumba aliyeandikwa na karani wa sensa hakuwa mwenye ardhi wala wapangaji wake hawakuwa jamaa zake. Hapa ndipo takwimu za msongamano zinapopata maelezo yake. Hazitokani na watu kupenda kubanana. Zinatokana na kodi ya kiwanja inayolipika pale tu vyumba vinapopangishwa.

Kasoro ya utaratibu huu ni kwamba sheria ya kisasa ya ardhi humtambua mwenye hati. Mwenye nyumba bila ardhi ni mpangaji kwa ridhaa ya mwenye ardhi. Ardhi ikiuzwa, au mrithi akiwa na mipango mingine, anaweza kutakiwa abomoe na kuondoka, na anachomiliki ni matofali na mabati. Kadiri viwanja vya Nyali ya kifahari vinavyopanda bei, ndivyo kishawishi cha kuuza ardhi iliyo chini ya nyumba za Kongowea kinavyokua. Wakazi wa Frere Town wana sura yao ya tatizo hili, kwa kuwa ardhi waliyoijua kuwa ya misheni na ya babu zao haikuandikwa kwa majina ya babu zao.

Ni kosa, hata hivyo, kuwaita wakazi hawa wote wavamizi, kama inavyosemwa mara kwa mara katika mijadala ya hadhara. Mwenye kulipa kodi ya kiwanja kwa miaka thelathini hajavamia kitu. Istilahi ya skwota nayo itumiwe kwa uangalifu, kwa kuwa inawajumuisha pamoja aliyejenga kwa idhini na kodi, aliyeachwa na sheria ya 1908 mahali alipozaliwa, na aliyefika juzi akaweka kibanda kando ya machimbo ya mawe.

Takwimu

Mombasa nzima ilikuwa na watu 84,746 katika sensa ya 1948, na 247,073 katika ile ya 1969, yaani karibu mara tatu katika muda wa miaka 21. Sensa zilizofuata zilihesabu 341,148 mwaka 1979, 461,753 mwaka 1989, 665,018 mwaka 1999, 939,370 mwaka 2009 na 1,208,333 mwaka 2019. Kisiwa hakikuwa na nafasi ya kupokea ongezeko hilo. Lilivuka maji.

Nyali kama kizio cha hesabu ni jambo jipya. Eneobunge la Kisauni liligawanywa katika mchakato wa mipaka uliofuata Katiba ya 2010, na uchaguzi wa kwanza wa Nyali ukafanyika Machi 2013. Takwimu ya mwaka 2009 kwa Nyali, ambayo ni 185,990, ilipatikana kwa kuigawa upya sensa iliyokwisha kufanyika. Kwa kadiri mipaka ya eneobunge na ya kaunti ndogo inavyolingana, ongezeko kati ya 2009 na 2019 lilikuwa watu 30,587, au asilimia 16.4. Katika kipindi hicho hicho kaunti nzima iliongezeka kwa asilimia 28.6. Kisauni iliyobaki, yenye maeneo kama Mtopanga, Magogoni, Junda na Bamburi, iliongezeka kutoka 194,065 hadi 291,930, yaani asilimia 50.4. Mvita, ambayo ni kisiwa chenyewe, ilitoka 143,128 hadi 154,171 tu.

Nyali peke yake, basi, ina watu wengi kuliko kisiwa. Ukiijumlisha na Kisauni, upande wa kaskazini ulikuwa na watu 508,507 mwaka 2019, zaidi ya mbili kwa tano za kaunti. Lakini katika ongezeko la kaunti la watu 268,963, Kisauni ilichukua zaidi ya theluthi na Nyali takriban sehemu moja ya tisa. Hii si sura ya kitongoji kinachofurika. Ni sura ya eneo ambalo sehemu yake moja imeshikwa na viwanja vikubwa visivyopokea watu wengi, na sehemu nyingine imejaa, hivyo kwamba mpangaji mpya anayetafuta chumba cha bei nafuu husukumwa mbele zaidi, kupita Kengeleni, hadi kule ambako bado kuna ardhi ya kujengea. Ghorofa zinazojengwa sasa mahali pa nyumba za zamani za bustani huenda zikaibadilisha sura hiyo. Baadhi ya nyumba hizo, hata hivyo, hupangishwa kwa wageni kwa siku chache, na mgeni hakuongezi hesabu ya wakazi.

Yapo mambo mawili ya kiufundi ambayo mtumiaji wa takwimu hizi anapaswa kuyazingatia. La kwanza ni usiku wa sensa. Sensa za Kenya huhesabu watu mahali walipolala usiku uliowekwa, ambao mwaka 2009 na 2019 ulikuwa wa tarehe 24 kuamkia 25 Agosti. Mpishi au yaya anayelala katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kifahari huhesabiwa hapo, ilhali mwenzake anayerudi Ziwa la Ng'ombe jioni huhesabiwa huko, hata kama wote wawili hufanya kazi katika barabara moja. La pili ni kiwango cha uchambuzi. Wastani wa kaunti ndogo, uwe wa mapato, elimu au lugha ya nyumbani, huchanganya Mkomani yenye nyumba za ufukweni na Ziwa la Ng'ombe yenye vyumba vya kupanga, na hutoa mkazi wa kubuni ambaye hapatikani katika wadi yoyote. Uchambuzi ufanywe katika ngazi ya wadi au chini yake, na sampuli itenganishe makundi matatu angalau: wakazi wa ardhi yenye hati, wenye nyumba bila ardhi, na wapangaji wa vyumba.

Kwa kundi la pili, nyaraka zipo ambazo hazijatumiwa ipasavyo. Wenye nyumba wengi huhifadhi stakabadhi za kodi ya kiwanja, kwa kuwa ndizo ushahidi pekee wa ridhaa ya mwenye ardhi. Stakabadhi huonyesha jina la aliyelipa, jina la aliyepokea, kiasi na tarehe. Zikikusanywa kwa idhini ya wenyewe na kupangwa kwa miaka, zinaweza kuonyesha nyumba zilivyopita kutoka mkono hadi mkono, ardhi ilivyobadilisha wenyewe na lini, na ni katika mwaka gani mwenye ardhi aliacha kupokea kodi. Mwaka huo ndio wa kuutazama kwanza, kwani kukataa kodi ya kiwanja huwa ni ishara kwamba mnunuzi amekwisha kupatikana.